Igizo la muziki bila bendi pembeni, waigizaji wapige ala wenyewe: tupeane utaalamu wa mpangilio, maiki, mazoezi na mbadala

Kivuli cha Jukwaa
Wakuu, salaam. Naomba wenye ujuzi mshushe nondo hapa. Tunaandaa igizo la muziki ambalo halina bendi. Waigizaji ndio wanaopiga, na hakuna anayetoka jukwaani toka taa zinawaka hadi zinazimwa.

Hali halisi: waigizaji 9, nyimbo 11, ukumbi wa viti 200 hivi, wiki 6 za mazoezi. Igizo ni letu wenyewe. Katika hao 9 tuna fidla mbili, selo, besi kubwa, akodiani, klarineti, tarumbeta, udi na mtu wa ngoma. Kinanda kipo na wanaokiweza ni watatu. Nyimbo kwa sasa zimeandikwa kwa sauti na kinanda tu.

Swali la kuanzia: tugawe uhusika kwanza halafu tuone nani anapiga nini, au tupange muziki kwanza?

Mpanga Nota
Mkuu, anza na mikono na pumzi. Uhusika na muziki vyote viwili vinafuata hapo.

Kila ala inakula sehemu ya mwili wa mwigizaji, na sehemu inayobaki ndiyo utakayomwigizia. Akodiani, udi, selo, besi, kinanda na ngoma vinaacha mdomo huru, kwa hiyo mtu anaweza kupiga huku anaimba au anasema. Fidla ni nusu kwa nusu. Ikibanwa kidevuni taya halifunguki vizuri na sauti za juu zinakabwa. Ukitaka mpiga fidla aimbe huku anapiga, aishushe kifuani, lakini ujue kwamba bila kidevu kuishika, mkono wa kushoto ndio unaobeba ala, na kuhama kutoka nafasi ya kwanza, yaani mkono ukiwa mwisho wa shingo karibu na vigingi, kunakuwa kwa shida. Muandikie basi nota za nafasi ya kwanza tu katika sehemu hizo. Klarineti na tarumbeta ni ama apige ama aimbe, hakuna katikati.

Baada ya hapo chukua karatasi ya miraba au jedwali la kompyuta. Safu za wima ni vipimo, yaani zile baa za kwenye nota. Mistari ya kulala ni watu wako 9. Kila mraba andika anafanya nini: anaimba, anasema, anapiga, anatembea, ameshika kitu, au yuko huru. Jaza kwanza yale ya igizo: nani anaongea na nani, nani anahama, nani anambeba nani. Miraba iliyobaki wazi ndiyo okestra yako. Watu wengi wanafanya kinyume. Wanaandika mpangilio mzuri kwenye kompyuta, wakifika kwenye mazoezi wanakuta mpiga selo anatakiwa awe amemkumbatia mtu kwenye kipimo cha 9.

Jedwali hilo lifanye kwa kila wimbo kabla hujaandika nota hata moja.

Kivuli cha Jukwaa
Asante sana mkuu. Huyo wa selo kweli anahitaji kuinuka katikati ya wimbo. Je, pengo lake linazibwaje bila watu kulisikia?

Mpanga Nota
Kwa kupokezana, na kupokezana kuna hesabu yake. Tuchukue wimbo wa taratibu wa mapigo matatu, kasi ya mapigo 72 kwa dakika, vipimo 32. Binti anapiga selo na kuimba vipimo 1 hadi 8, halafu kwenye 9 anatakiwa awe amesimama mbele ya kijana.

Kipimo kimoja hapo ni sekunde 2.5. Kulaza selo kwenye stendi yake, kuweka uta mahali pake na kuinuka bila papara kunachukua kama sekunde 6. Hizo ni vipimo viwili na kitu, mpe vitatu. Kwa hiyo anaacha kupiga mwisho wa kipimo cha 5, na anaimba 6 hadi 8 huku anaweka ala. Kuweka ala kuwe sehemu ya igizo. Kama anaamua kumwendea kijana, uamuzi wenyewe ndio huo wa kuilaza selo, na watazamaji wataukodolea macho.

Anayepokea, tuseme besi kubwa, asiingie kwenye kipimo cha 6. Aingie cha 5, kwa sauti ndogo, mstari uleule, kisha akue selo inapotoka. Kupishana kwa kipimo kimoja ndiko kunakolinda wimbo. Ukimwambia mmoja aache pale pale mwingine anapoanza, usiku mmoja utakuwa sawa na usiku wa pili kutakuwa na shimo, kwa sababu mmoja alipumua kwa kuchelewa.

Na jambo moja ambalo halina mjadala: mstari wa besi hauachwi wazi hata kipimo kimoja. Fidla ikitoka, watu wanaona wimbo umetulia. Besi ikitoka, waimbaji wanashuka sauti na kasi inayumba.

Mzee wa Pazia
Naongezea upande wa uhusika, maana ndugu yetu aliuliza nini kinatangulia. Mfano ambao wote katika fani hii wanaurejea ni *Sweeney Todd*, igizo la muziki la kinyozi muuaji, kama alivyoliongoza John Doyle. Ilianzia 2004 Watermill, ukumbi mdogo wa viti 200 hivi karibu na Newbury, Uingereza, na mwaka 2005 ikafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, katika ukumbi wa Eugene O'Neill. Toleo la awali la 1979 lilikuwa na okestra ya zaidi ya wapigaji 20, kazi ya Jonathan Tunick. Sarah Travis aliipanga upya kwa waigizaji 10. Mwaka 2006 Travis alipata tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya Broadway, ya mpangilio na Doyle akapata ya uongozaji.

Angalia nani alipewa nini. Wapenzi wawili vijana wote wanapiga selo, kwa hiyo wakiimba pamoja, ala zao nazo zinaitikiana kwa sauti ya namna moja. Mwanamke ombaomba ana klarineti. Patti LuPone, aliyecheza mama muuza mikate ya nyama, alishika tuba. Hakuna aliyepewa ala kwa sababu tu anaiweza. Ala inamsemea mhusika.

Mwaka huohuo wa 2006 Doyle alifanya *Company* Broadway kwa njia hiyohiyo, na pale mhusika mkuu karibu onyesho zima hana ala wakati wenzake wote wanapiga. Mwishoni anakaa kwenye piano na kupiga mwenyewe. Huyo ni mtu ambaye amekuwa anakwepa kujifunga na yeyote, na watazamaji wanaelewa kimetokea nini bila kuambiwa. Kwa hiyo mkuu Kivuli, usihesabu tu nani anapiga. Hesabu pia nani ananyimwa ala, hadi lini.

Nuru254
Wadau, nauliza kwa nia njema. Hii si ndiyo ile njia ya wenye kumbi kukwepa kulipa wanamuziki? Broadway wanamuziki waligoma siku nne Machi 2003 kwa sababu ya idadi ya chini ya wapigaji kwa kila ukumbi, kisha miaka miwili baadaye tunaona onyesho lisilo na okestra hata kidogo. Mtu mmoja anafanya kazi mbili, analipwa moja.

Mzee wa Pazia
Hoja yako ni ya haki na usiiache. Ni kweli kumbi ndogo za Uingereza ziliingia huku kwa sababu hazikuwa na pesa ya okestra. Lakini ukishaingia, gharama haipungui kama watu wanavyodhani. Mazoezi yanarefuka, mpangaji wa muziki anakaa nanyi hadi karibu na siku ya kwanza, ala zinahitaji fundi, na mbadala wanakuwa wachache na ghali. Kule Uingereza kupiga na kuigiza imekuwa fani inayojitegemea, hata chuo cha Rose Bruford College wana shahada yake. Anayepiga na kuigiza alipwe kwa stadi zote mbili, na liandikwe kwenye mkataba: malipo ya kuigiza, malipo ya kupiga, na nani anagharamia nyuzi, ndimi za klarineti na matengenezo. Kama bajeti haibebi hilo, weka watu watatu wa bendi pembeni. Litakuwa igizo zuri na kila mtu atakuwa amelipwa.

Na kwetu vipaji vipo. Bagamoyo, pale chuo cha sanaa cha TaSUBa, ngoma, muziki na uigizaji vinafundishwa chini ya paa moja. Shida ni kwamba kwenye maonyesho tunavitenganisha: wapigaji wanakaa, waigizaji wanasimama.

Fundi Maiki
Niingie kwenye sauti kabla hamjanunua vitu msivyovihitaji.

Ukumbi wa viti 200, tarumbeta, akodiani, ngoma na klarineti havihitaji maiki. Mkivipaza mtaanza vita ambayo sauti za watu zitashindwa. Pazeni sauti 9 za waigizaji, udi, na pengine selo. Hizo ni chaneli 11 zisizo na waya, ongeza maiki mbili bapa za sakafuni ukingoni mwa jukwaa kwa akiba.

Maiki ya sauti iwekwe kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Ile ya kijiti shavuni itagongana na fidla, itagongana na tarumbeta, na ukiwa na filimbi itajaa upepo. Lakini paji la uso lina tatizo lake: mpiga tarumbeta akipuliza, maiki yake ya sauti inapokea mlio mkali kutoka umbali wa kama nusu mita, na huo mlio unafika kwenye spika kama vile tarumbeta imepazwa. Anayekaa kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, lazima aifunge chaneli ya mtu huyo kila anapopiga na kuifungua kabla hajaimba. Kwa mkono huwezi, wimbo wenye mabadiliko 30 utakuzidi. Tumieni mikisa ya dijitali yenye kumbukumbu za hatua, kila mabadiliko yawe hatua yenye namba, na namba ziandikwe kwenye lile jedwali la Mpanga Nota. Jedwali moja, watu wote: muziki, sauti, taa.

Udi una sauti ndogo na tumbo lake linavuma. Maiki ndogo ya kubana, ielekee kati ya tundu na daraja, isiingie tundu lenyewe. Punguza chini ya hezi 100, ndipo ngoma zinapoutikisa.

Kisambazaji cha kiunoni, kile kisanduku kinachorusha sauti ya maiki, kikae mahali ambapo mkanda wa akodiani haukigusi, la sivyo kila anapovuta mivukuto mtasikia mkwaruzo. Jasho ndilo adui mkubwa. Kiingizwe kwenye mfuko wa neoprini, na kama hampati, kondomu isiyo na mafuta inafanya kazi hiyohiyo na ndivyo mafundi wengi wanavyofanya. Betri mpya kila onyesho. Zilizotumika zitumieni mazoezini.

Kivuli cha Jukwaa
Nondo hizi, asanteni. Sasa hakuna mtu wa kuongoza bendi kwa mkono. Nani anaanzisha wimbo? Na wakiachana katikati?

Mpanga Nota
Kila mwanzo una mwenyewe mmoja, na jina lake liandikwe juu ya nota. Sio "tunaanza wote". Mwenye mwanzo anaanzisha kwa moja ya njia tatu. Ya kwanza ni pumzi: anavuta hewa kwa kasi ya wimbo, kichwa kikipanda kidogo, na kila mtu anaingia kwenye kushuka. Ya pili ni neno: silabi ya mwisho ya mazungumzo ndiyo pigo la nne, muziki unaanza pigo la kwanza. Ya tatu ni kitendo chenye sauti, kama mlango kufungwa au kikombe kuwekwa mezani. Hiyo ya tatu inafaa sana watu wakiwa wamepeana migongo.

Kasi nayo ina mwenyewe, na asiwe mwimbaji. Mara nyingi ni besi au ngoma. Awekwe katikati ya jukwaa au nyuma kidogo ya katikati, na kuna sababu ya kipimo hapo. Sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita inachelewa kama milisekunde 3. Jukwaa la mita 10, mtu wa ngoma kona ya kushoto na fidla kona ya kulia, fidla inamsikia karibu milisekunde 30 baadaye, naye akijibu, mwenzake anakuja kuusikia mwangwi wa milisekunde 60. Hapo ndipo wimbo unapoanza kuburuzika, na watu wanalaumiana bure. Mkiwa na wimbo wa kasi, kusanyeni watu ndani ya mita 5 au 6. Nyimbo za taratibu ndizo za kutawanyika.

Wakiachana, kanuni ni moja: mwimbaji hafuati mtu, wote wanamfuata mwimbaji. Besi ndiyo inaruka kwanza kwenda alipo, wengine wanakaa kimya hadi kipimo cha kwanza cha mstari unaofuata wa shairi. Lifanyieni mazoezi hili kwa makusudi. Mwambie mwimbaji kwa siri aruke ubeti mmoja, uone wanavyojikusanya.

Chini ya mazungumzo weka vipimo vya kuzungukia, viwili au vinne. Kutoka ni mwisho wa mzunguko peke yake, baada ya neno fulani lililoandikwa. Andika neno hilo mapema katika sentensi, sio neno la mwisho. Kama mzunguko una vipimo vinne na neno ni la mwisho, mwigizaji anaweza kubaki amesimama sekunde 8 akisubiri muziki.

Bint Kanuni
Assalaam alaykum. Mimi niongelee kulandanisha sauti, maana naona mna udi na akodiani pamoja na hapo ndipo pagumu.

Akodiani hailandanishwi jukwaani. Ilivyotoka kwa fundi ndivyo ilivyo. Kwa hiyo ipimeni leo: nota ya A kwenye nyingine iko hezi 440, nyingine 442. Wengine wote wanamfuata yeye, na kinanda kirekebishwe kwenye mipangilio yake kifikie hapo. Msije mkalandanisha kila mtu kwa programu ya simu iliyowekwa 440 halafu mkashangaa.

Jambo la pili ni joto. Taa zikipasha jukwaa, klarineti na tarumbeta zinapanda, karibu senti 3 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) kwa kila nyuzi moja ya joto, yaani nyuzi kumi zinakaribia theluthi ya nusu toni. Nyuzi za fidla, selo na udi zinalegea kwa joto hilohilo, zinashuka. Kwa hiyo wanaachana kwa pande mbili. Msilandanishe chumbani kwenye kipoza hewa. Landanisheni jukwaani, taa zikiwa zimewaka kwa dakika 20 angalau.

Klarineti ikiwekwa kwenye stendi dakika 15 wakati mwenyewe anaigiza, inapoa na itaingia chini. Apulizie hewa ya moto ndani bila kutoa mlio, vipimo vinne kabla ya kuingia. Ulimi wa mwanzi utakuwa umekauka pia. Kwa onyesho la namna hii atumie ulimi wa sintetiki, haukauki.

Ngozi za ngoma kwetu pwani zinalegea jioni kwa unyevu. Nje watu wanazianika kwenye moto, ndani ya ukumbi hamtaruhusiwa. Aidha mtumie dumbaki lenye ngozi ya plastiki, au muwe na taa ya joto nyuma ya pazia na ngoma mbili za kupokezana.

Udi una nyuzi 11 na nyuzi mpya zinavutika siku kadhaa. Mzibadilishe wiki moja kabla ya onyesho la kwanza, na msibadilishe seti nzima tena onyesho likiwa linaendelea.

La mwisho, na hili ni zito: kama kuna wimbo wa rasti au bayati, zile ngazi za sauti za Kiarabu, ambao mwimbaji na udi wanatumia zile robo toni, akodiani ya kawaida haina sauti hizo. Ikishikilia nota hiyo itamgonga mwimbaji usoni. Mpangaji aiandikie akodiani inyamaze kwenye nota hiyo, au ishike sauti ya msingi na ya tano tu. Fidla, selo na besi zinaweza kwenda na mwimbaji kwa sababu shingo zao hazina vizuizi vya kugawa nota.

Kivuli cha Jukwaa
Dada, ubarikiwe. Tuna nyimbo mbili za bayati na ndizo zilizokuwa zinagoma. Je, tukiongeza kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu?

Bint Kanuni
Ongezeni kama mhusika wake anakaa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na inalala mapajani au mezani. Ikihamishwa na kugongwa, kuirudisha ni kazi ya dakika nyingi, sio ya kati ya nyimbo mbili. Muundieni mhusika wa kibarazani, mama mwenye nyumba kwa mfano, ambaye mambo yote yanamjia alipo. Kuimba huku unapiga kanuni kunawezekana kabisa. Wapigaji mtawapata Zanzibar, Dhow Countries Music Academy wamekuwa wakifundisha kanuni na udi toka mwanzo wao, 2002.

Mzee wa Pazia
Tusisahau mambo ya sakafu, maana ndiyo yanayovunja ala na miguu.

Kila ala iwe na nyumba yake jukwaani. Stendi yenye kufuli kwa selo, ndoano ukutani kwa fidla na udi, kigingi cha kusimamishia klarineti. Ala isilazwe sakafuni hata kwa kipimo kimoja, kwa sababu kuna mtu atarudi kinyumenyume. Pindo za stendi zibandikwe utepe unaong'aa gizani. Nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, msimamizi wa jukwaa anapita na orodha: ala ipo, uta upo, ulimi wa akiba upo, kitambaa cha mate ya tarumbeta kipo. Fidla ya tatu, ikiwa imelandanishwa, ikae pembeni upande ambao fidla zinakaa zaidi. Uzi ukikatika hakuna kufunga mpya. Mtu anatembea, anabadilisha ala, anarudi.

Mguu wa chuma wa selo na besi unateleza kwenye sakafu iliyopakwa rangi. Toboa vishimo vifupi kila kituo anachopigia, au bandika vipande vya mpira vya rangi ya sakafu. Akodiani ya besi 120, yaani yenye vitufe 120 vya mkono wa kushoto, ina kilo 10 hivi, na mwigizaji akicheza nayo nyimbo tatu mfululizo mgongo unakwisha. Tafuteni ya besi 48 au 72, wapangaji wachache sana watahitaji zaidi.

Maleba yashonwe ala zikiwepo. Mikono mipana ya kanzu inaingia kwenye nyuzi za udi, vifungo vya chuma vinakwaruza mgongo wake, na bangili zinasikika kwenye maiki. Aje mshonaji mazoezini, aone mtu anavyoinua mkono.

Kuhusu wiki 6: wiki ya kwanza kaeni na karatasi, muziki mtupu. Kuanzia wiki ya pili karatasi zinaondoka, na watu wanapiga wamesimama, kisha wanatembea. Mtu anayeweza wimbo amekaa bado hajauweza, mguu ukianza kutembea vidole vinasahau. Wiki ya tatu na ya nne mnapanga hatua na muziki kwa pamoja, mpangaji akiwa chumbani na penseli, kwa sababu nusu ya alichoandika kitahama mikono. Mwisho wa wiki ya nne nota zinafungwa. Wiki ya tano ni kupitisha igizo zima kila siku, na ya sita taa na sauti. Msiruhusu mabadiliko ya nota wiki ya sita hata kama ni mazuri.

Nuru254
Nimeelewa na nashukuru. Na mtu akiugua? Mbadala wa kawaida anajua mistari tu.

Mpanga Nota
Hapa ndipo maonyesho haya hufia, tulizungumze vizuri. Mmoja akiugua unapoteza mhusika, sauti katika kwaya, na ala. Ukimweka mwenzake kwenye nafasi, naye anaacha pengo lake. Ni mnyororo.

Gawa kila mpangilio mafungu mawili. Nguzo ni mstari wa besi, kasi, na nota zinazompa mwimbaji sauti ya kuanzia. Pambo ni vyote vilivyobaki. Kila nguzo ijulikane na watu wawili. Pambo likikosekana usiku mmoja, igizo linaendelea.

Chukua binti wa selo. Akiugua, fidla ya pili anachukua uhusika. Mstari wa selo unakwenda besi kubwa, nao tayari anaujua kwa sababu anaupokea katika wimbo ule. Mstari wa fidla ya pili unakwenda klarineti, na karatasi yake iandikwe sasa hivi, kwa sababu klarineti ya kawaida ni ya B flat na nota zake huandikwa toni nzima juu. Usimwachie mtu ahamishe kichwani saa mbili kabla ya onyesho. Palipo wazi panazibwa na kinanda, na kwa ajili hiyo watatu wenu wa kinanda wote wajue mpangilio mfupi wa kila wimbo. Andaa toleo la namna hii kwa kila mmoja wa watu 9, na wiki ya tano kila siku pitisheni onyesho moja la dharura kwa nusu siku.

Nuru254
Tukitaka kufanya hivi na igizo la muziki la nje, lenye leseni?

Mzee wa Pazia
Omba ruhusa ya maandishi kabla ya kuanza chochote. Leseni za wakala kama Music Theatre International haziruhusu kubadilisha mpangilio wa okestra bila ruhusa hiyo, na kupigisha waigizaji ni kubadilisha. Barua iseme ala gani na watu wangapi. Msiingie mazoezini mkisubiri jibu.

Kivuli cha Jukwaa
Nimetengeneza jedwali la wimbo wa 4, naweka kipande mnikosoe. Mapigo manne, kasi 96. Tarumbeta anapiga vipimo 1 hadi 16, kipimo cha 17 anaanza kuimba peke yake, nota ya kwanza ni ya juu. Akodiani na besi wanaendelea chini. Klarineti yuko huru toka 12. Fidla zote mbili zinacheza ngoma na wenzao kuanzia 9.

Mpanga Nota
Umeshika njia vizuri. Kuna makosa mawili.

Kwanza, fidla kucheza ngoma kuanzia 9: wapi wanaziweka? Kwenye jedwali hakuna vipimo vya kuzitundika. Kwa kasi hiyo kipimo ni sekunde 2.5, na kutundika fidla na uta kwenye ndoano ni sekunde 4 wakiwa karibu, kwa hiyo waache kupiga mwisho wa kipimo cha 6 kama ndoano ziko hatua tatu kutoka walipo. Kama ziko mbali, sogeza ndoano, usisogeze muziki.

Pili, tarumbeta. Midomo iliyotoka kubanwa kwenye kinywa cha chuma haiwezi kutua papo hapo kwenye nota ya juu ya sauti. Inatoka na mtetemo, na pumzi nayo imeisha. Aache mwisho wa kipimo cha 14. Vipimo viwili ni sekunde 5: anashusha ala, anameza mate, anapumua mara mbili, na Fundi Maiki anapata nafasi ya kuifungua chaneli yake. Hivyo viwili mpe klarineti, aingie 13 ili wapishane. Nota ya mwisho ya klarineti kwenye kipimo cha 16 iwe ileile anayoanzia mwimbaji, oktavu moja chini, aishike hadi aisikie sauti imetoka.